Vyenye Uhai na Visivyo na Uhai: Mfano wa Ziwa Kivu

Ekolojia ni elimu inayochunguza uhusiano wa viumbe wao kwa wao, na uhusiano wao na mahali wanapoishi. Jina hilo lilitungwa mwaka 1866 na Mjerumani Ernst Haeckel kutokana na neno la Kigiriki oikos, yaani nyumba. Mwaka 1935 Mwingereza Arthur Tansley alitunga neno ekosistemu, ili nyumba na wakaaji wake wahesabiwe pamoja.

Katika kila ekosistemu mna sehemu mbili. Sehemu yenye uhai ni mimea na mwani unaojitengenezea chakula, wanyama wanaokula, na bakteria na kuvu wanaoozesha mizoga. Sehemu isiyo na uhai ni mwanga, joto, maji, hewa, chumvi na udongo. Mara nyingi wanafunzi hukariri orodha hizo mbili kana kwamba ya pili ni sakafu tu inayokanyagwa na ya kwanza. Ziwa Kivu, lililo kati ya Kongo na Rwanda, laonyesha kwamba sivyo.

Ziwa hilo lina kina cha mita 485. Chemchemi zilizo chini yake huingiza maji ya moto yenye chumvi na kaboni dioksidi itokayo katika volkeno. Ingawa maji ya vilindini yana joto kuliko ya juu, chumvi na gesi hiyo huyafanya kuwa mazito, nayo hubaki chini. Kwa sababu tabaka hazichanganyiki, oksijeni haipiti mita 70 hivi, na chini ya hapo samaki hawezi kuishi.

Mizoga ya viumbe wadogo huzama pamoja na rutuba yake, ikawa kama nafaka iliyofungiwa ghalani. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, upepo hukoroga maji ya juu na kupandisha sehemu ya rutuba hiyo. Hapo mwani huongezeka, wadudu wadogo wa majini wanaoula huongezeka, na sambaza hushiba. Samaki hao wa jamii ya dagaa waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, katika mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Hivyo upepo, usio na uhai, huamua wingi wa kitoweo.

Kinyume chake pia ni kweli. Katika vilindi visivyo na oksijeni, bakteria huozesha mizoga, na vijidudu vingine hutengeneza methani. Leo ziwa lina takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi, zilizozuiwa na mgandamizo wa maji.

Hatari yake yajulikana. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos, nchini Kameruni, lilitoa kaboni dioksidi ghafla, wakafa watu zaidi ya 1,700. Wenyeji wa Goma huita mazuku gesi ya namna hiyo inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, ikiua mbuzi na hata watu. Neno hilo la Kiswahili limeingia katika maandishi ya wataalamu wa volkeno wa lugha nyingine. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo iliingia ziwani, lakini tabaka za chini hazikuvurugika.

Tangu mwaka 2016 mtambo wa megawati 26 upande wa Rwanda huzalisha umeme kwa methani hiyo. Maji yaliyotolewa gesi hurudishwa kwenye kina kinachofaa. Yakimwagwa juu, rutuba yake ingezidisha mwani na kuharibu maji ya sambaza. Tabaka zikidhoofishwa, gesi ingeweza kupanda. Watu zaidi ya milioni mbili wanaishi kandokando ya ziwa hilo, na usalama wao wategemea uzito wa maji wasiyoyaona.