Kilio cha Langoni: Mtoto Anapoanza Chekechea

Mtoto aliyelala usiku akiikumbatia sare yake mpya, asubuhi ameling'ang'ania gauni la mama langoni mwa chekechea, akilia. Jirani husema mtoto huyo amedekezwa. Mama naye hujilaumu njia nzima.

Kilio hicho si utovu wa adabu. Mnamo 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwachunguza watoto wachanga katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto humfanya mama kuwa kituo cha usalama: hutambaa kwenda kuchunguza mambo, kisha humrudia. Mtoto wa miaka mitatu anayeanza chekechea huachana na kituo hicho kabla hajapata kingine. Tena, hajui kupima muda. Kumwambia "nitarudi saa sita" hakumpi faraja.

Kwa hiyo, mzazi, usimtoroke. Mtoto anayetorokwa hujifunza kwamba mama aweza kutoweka wakati wowote, na kesho yake humshikilia zaidi. Muage kwa ufupi, mkabidhi kwa mwalimu yule yule kila siku, na utaje tukio analolifahamu: "Nitakuja mkishamaliza kunywa uji." Kisha utimize.

Kukojoa kitandani au kutaka kubebwa tena kwa majuma machache ni jambo la kawaida. Lakini hofu ikidumu zaidi ya majuma manne, au ikimnyima usingizi na chakula, mpeleke kwa daktari.