Si Utundu, Wala Mapepo
Mtoto asiyetulia darasani na anayesahau daftari kila siku huchapwa, au huombewa atolewe mapepo. Mimi pia nilichapwa. Nilipita miaka 30 ndipo daktari akanieleza kuwa nina ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu. Ni hali ya ubongo, na mara nyingi hurithiwa. Dalili huanza kabla ya umri wa miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana nyumbani na shuleni pia.

Ndugu wanakamati wa Tunduma na Vwawa, mkimwona mtoto wa namna hiyo, zungumzeni na wazazi na mwalimu, kisha mshaurini mzazi ampeleke hospitali. Darasani akae mbele, apewe agizo moja moja, na asifiwe anapolimaliza. Fimbo haiponyi.