Kipima Hewa cha Nyumbani Kinapoanza Kudanganya

Mizani ya bucha hukaguliwa na maafisa wa vipimo na kupigwa muhuri. Kipima hewa kilichowekwa juu ya kabati sebuleni hakikaguliwi na yeyote. Kila siku kinatoa namba, na kwa namba hiyo mwenye nyumba huamua kama atafungua dirisha, kama mtoto mwenye pumu atacheza nje, au kama ataenda kumlalamikia jirani anayechoma taka.

Vifaa vingi vya aina hii vinavyotumika Nairobi hupima PM2.5, yaani chembechembe za vumbi na moshi zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Tangu 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Ndani ya kifaa mna feni ndogo inayovuta hewa, mwale wa leza na kihisi kinachopokea mwanga unaotawanywa na chembechembe hizo. Kwa hivyo kifaa hakipimi uzito wa vumbi. Kinaukadiria kutokana na mwanga.

Makadirio hayo hupotoka polepole. Vumbi likijaa kwenye feni, hewa hupita kwa shida. Leza nayo hufifia kadiri inavyozeeka, na namba huanza kushuka ingawa hewa haijabadilika. Baadhi ya leza za bei nafuu zimekadiriwa kudumu takriban saa 8,000, muda usiofika mwaka mmoja kwa kifaa kisichozimwa. Mara nyingine kasoro huja kinyume: utando wa buibui au mdudu akikwama ndani, namba hupanda na kukataa kushuka.

Hata hivyo, si kila namba ya ajabu ni kasoro. Asubuhi za baridi mwezi Julai, unyevu ukizidi asilimia 80 hivi, chembechembe hunyonya maji na kuvimba, na kifaa huripoti vumbi kuliko lililopo. Mvuke wa sufuria huleta matokeo yayo hayo. Kifaa kihukumiwe kwa namba za mchana, jua likishakausha hewa, kikiwa mbali na jiko, udi na dawa ya mbu ya kuchoma.

Njia bora ya kukijaribu ni kuazima kingine cha jirani, ikiwezekana kipya zaidi, na kuviweka bega kwa bega kwa siku mbili. Namba zikipanda na kushuka pamoja lakini kimoja kikawa chini daima, hicho cha chini huenda kinahitaji kusafishwa au kusahihishwa kwenye programu yake. Kimoja kikibaki palepale wakati chakula kinakaangwa chumba cha pili, hicho kimekufa. Kusafisha ni kazi ya dakika chache: kifaa kichomolewe kwenye stima, matundu yapanguswe kwa brashi laini iliyo kavu. Maji na spiriti visikaribie.

Vipimo vya kaboni dioksaidi vina tatizo lao. Vifaa vingi hujisahihisha vyenyewe kwa kudhani kwamba namba ya chini kabisa ya siku kadhaa ndiyo hewa safi ya nje. Katika chumba kimoja chenye watu usiku na mchana, madirisha yakiwa yamefungwa, dhana hiyo si kweli. Kifaa huzoea hewa nzito na kuiita safi. Dawa yake ni kukitoa nje kivulini, mbali na magari na pumzi za watu, kwa dakika 20 au zaidi, kisha kukisahihisha kwa mkono kama maelezo yake yanavyoelekeza. Nje kinapaswa kusoma kidogo zaidi ya 420. Tena Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na kifaa kilichopangwa kwa usawa wa bahari kinaweza kusoma chini ya ukweli. Kikiwa na sehemu ya kuingiza mwinuko, ijazwe.

Hatari kubwa zaidi iko kwingine. Kifaa kinachopima PM2.5 pekee hakitambui kaboni monoksaidi hata kidogo. Jiko la makaa yaliyokwisha kukolea hutoa moshi mdogo, na kifaa kinaweza kuonyesha rangi ya kijani huku gesi hiyo isiyo na harufu ikiwaua waliolala. Jiko la makaa halipaswi kuingizwa chumba cha kulala, namba isome vyovyote. Mwenye king'ora cha kaboni monoksaidi aangalie tarehe ya mwisho iliyochapishwa nyuma yake. Kwa kawaida kitufe cha kujaribu huthibitisha kwamba king'ora kinalia, si kwamba kihisi bado kinanusa.

Mkazi anayetaka kuripoti uchomaji wa taka kwa afisa wa mazingira aandike tarehe, saa, mahali na upande upepo unakotoka, pamoja na picha na namba alizosoma. Usomaji wa kifaa kimoja cha nyumbani hautoshi kuwa ushahidi, lakini kumbukumbu za wiki mbili zinazopanda saa zilezile kila jioni humwonyesha afisa aende lini na wapi.