Kichomi cha ghafla, na swali la ukoo
Kijana mrefu, mwembamba, anashikwa ghafla na kichomi upande mmoja, pumzi zinakatika. Mpakani tutasema ni magunia, au kifua kikuu. Kweli, kifua kikuu nacho chaweza kutoboa pafu. Kwanza ni hospitali haraka, eksirei ipigwe. Lakini pafu likisinyaa bila kipigo wala ugonjwa wa kifua, huenda tishu zinazoushikilia mwili ni dhaifu tangu kuzaliwa, kama katika ugonjwa wa Marfan, uitwao kwa jina la daktari Mfaransa aliyeeleza habari za msichana wa vidole virefu mno mwaka 1896.

Sisi walimu huwaona darasani: mikono mirefu, kifua kilichobonyea, macho yasiyofika ubaoni. Akikunja ngumi, gumba likiwa ndani, ncha yake hutokeza upande wa pili. Si hukumu hiyo, ni sababu ya kupimwa moyo, maana mshipa mkuu utokao moyoni huweza kutanuka polepole hadi upasuke. Ukijulikana mapema, dawa na upasuaji vipo.

Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi. Ndiyo maana daktari atauliza: nani kwenu alikufa ghafla? Sisi tuliorudi Burundi, nusu ya ukoo imebaki Tanzania. Anayevuka Manyovu kwa biashara amuulize shangazi aliyebaki Kigoma.