Dawa ya kusafisha filamu ikikosekana, kahawa na magadi viko dukani

Wacha nianze na picha 36 ambazo hutawahi kuziona, na hata mimi sitaziona.

Desemba moja nilibeba kamera yangu ya filamu hadi Murang'a, nikampiga shosho picha, rolo mbili nzima. Rolo ya kwanza alikuwa jikoni, ya pili alikuwa shambani kati ya mibuni, kikapu kiunoni. Nikarudi Nairobi, nikachanganya dawa ya unga niliyokuwa nimeagiza mtandaoni, nikaanza na ile ya jikoni. Nilipoitoa kwa tangi ilikuwa wazi kama nailoni ya mkate. Hakuna uso, hakuna sufuria. Hata zile namba ndogo za pembeni mwa filamu hazikuwepo.

Hizo namba ndizo ushahidi, shika hapo. Huwa zimechapwa kwa mwanga kiwandani, kabla wewe hujanunua filamu. Namba zikitokea na picha zikose, kamera ndiyo ilikosea, au ni wewe. Namba zikikosekana pia, dawa ilikuwa imekufa. Na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeonywa. Unga uliopaswa kuwa mweupe ulikuwa na rangi ya strungi tangu nifungue pakiti. Nikajiambia ni sawa tu, nimelipa, itafanya kazi.

Mwezi wa pili shosho akatuacha. Rolo ya shambani ilikuwa bado kwa friji ya jirani, imefungwa ndani ya kopo la siagi. Nikaapa sitaiguza hadi nijue ninachofanya.

Sasa, najua mko wengi siku hizi mnaotembea na kamera za babu zenu shingoni. Kupiga ndiyo rahisi. Shida inaanza baadaye, kwa sababu studio za mtaani zilizokuwa zikisafisha filamu nyeusi na nyeupe zimegeuka kuwa za kupiga pasipoti na kulamineti vitambulisho. Ukitaka kujisafishia mwenyewe, dawa inatoka ng'ambo, na huko nako mambo yamekuwa ya kupokezana kijiti.

Angalia Kodak tu. Kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012. Mwaka uliofuata, biashara ya filamu na dawa ikaenda kwa Kodak Alaris, kampuni iliyomilikiwa na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Kodak Uingereza. Dawa zenyewe zilikuwa zikitengenezwa Ujerumani na Tetenal, kampuni iliyoanzishwa 1847. Tetenal nayo ikafilisika 2018. Mwaka wa 2020 biashara ya dawa ikauziwa Sino Promise ya Uchina, na 2023 Sino Promise nao wakaacha. Leseni ikahamia kwa Photo Systems, kampuni ya Michigan, Marekani. Ni pakiti ileile ya manjano na jina lilelile, lakini mpishi amebadilika mara kadhaa. Hata HC-110, dawa iliyosifika kwa kuwa nzito kama asali na kukaa miaka bila kuharibika, ilibadilishwa karibu 2019 ikawa nyepesi kama maji, na sasa haidumu vile.

Sisemi dawa zao ni mbaya. Nasema usiishike pakiti ukiamini jina lililo juu yake, hasa kama imekaa forodhani kwenye joto na hujui ilitengenezwa lini.

Halafu kuna kitu kilinishangaza nilipoanza kusoma. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kemia ya shule ilinipiga chenga mbaya, kwa hivyo ukiona nimeelewa, ujue hata wewe utaelewa.) Dawa maarufu kuliko zote, D-76, ilitoka 1927 na mapishi yake hayajawahi kuwa siri. Kwa lita moja ya maji unatia metoli gramu 2, salfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2. Basi. ID-11 ya Ilford, ya Uingereza, ni kitu kimoja na hiyo. Kama kuna mwenye maabara anayeweza kukuuzia hizo nne kwa vipimo vidogo, unaweza kujipikia mwenyewe kama uji. Vaa glavu tu. Metoli huwasha ngozi, na wengine ikishawakataa ni kwaheri milele.

Mimi sikupata wa kuniuzia metoli gramu 2. Kila mtu alitaka ninunue kopo zima. Hapo ndipo nikageukia kahawa.

Usicheke. Mwaka wa 1995, katika taasisi ya teknolojia ya Rochester, mji uleule wa Kodak, mwalimu aitwaye Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa ya papo hapo inaweza kusafisha filamu. Filamu imebeba chumvi za madini ya fedha. Zile zilizoguswa na mwanga zinangoja kitu cha kuzigeuza kuwa fedha nyeusi. Kazi hiyo haifanywi na kafeini, inafanywa na asidi fulani zilizo kwenye kahawa, lakini haziamki mpaka upate magadi ya kuzisukuma. Baadaye watu wakaongeza vitamini C, na mchanganyiko ukapata nguvu. Unaitwa Kafenoli.

Na magadi, Mkenya, ndiyo tunayo! Ziwa Magadi, kule Kajiado, limekuwa likichimbwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na mzigo wake unauzwa nje kutengenezea vioo na sabuni. Ila kuwa makini. Yale magadi ya mawe ambayo mama anatia kwa maharagwe yana mchanganyiko wa magadi makali na yale mapole ya kuokea keki. Yale mapole yatalegeza dawa yako. Unachotaka ni yaliyochomwa na kusafishwa, ambayo wauzaji huyaita soda ashi. Nenda kwa maduka ya kemikali wanakonunua watu wa sabuni ya maji. Nilipofika dukani mama akaniuliza, "Ni ya sabuni lita ngapi, kijana?" Nikamwambia ni ya picha. Akanitazama, akapima nusu kilo, akanirudishia chenji bila swali lingine.

Vitamini C itafute ya unga mtupu. Vile vidonge vya chungwa vya kutafuna vina sukari na rangi. Na kahawa nunua ile rahisi kabisa ya sacheti, maana zile za bei nafuu huwa na robusta nyingi, na robusta ndiyo hufanya kazi vizuri zaidi. Hapa tumeshikwa kidogo, kwa sababu sisi sifa yetu ni arabika. Shosho alichuma arabika maisha yake yote akipeleka kiwandani, na nyumbani alikunywa chai.

Vipimo ninavyotumia si vyangu, ni vya kawaida kwa filamu za kasi ya 100 hivi. Maji lita moja. Soda ashi gramu 54, koroga hadi iyeyuke kabisa. Kisha vitamini C gramu 16, polepole, maana itatoa povu. Mwisho kahawa gramu 40. Subiri dakika tano mapovu yaishe, tumia siku hiyohiyo. Dakika 15 kwa nyuzi 20. Dakika ya kwanza unageuza tangi mfululizo, halafu mara tatu kila dakika. Nunua mizani ndogo ya gramu, hii si mambo ya kijiko. Kwa filamu ya 400 picha hufunikwa na ukungu, na wengine huongeza gramu 10 za chumvi ya mezani yenye iodini kuuzuia.

Harufu, manze, harufu! Fikiria samaki aliyeogeshwa kwa kahawa baridi. Mimi niko kwa bedsita Roysambu na bafu ndiyo chumba changu cha giza, na jirani aliwahi kubisha kuuliza kama choo kimeziba. Kama uko Mombasa, maji ya mfereji yana joto kuliko nyuzi 20, kwa hivyo tia chupa ya dawa kwa karai la barafu kwanza.

Na kabla ya kuweka rolo yoyote unayoipenda, fanya kile ambacho sikufanya. Kata ule ulimi wa filamu unaobaki nje ukipakia kamera. Tayari umeshaona jua, hauna cha kupoteza. Utumbukize kwa dawa hapo mwangani. Dawa hai itaugeuza mweusi ndani ya dakika chache. Ukibaki na rangi yake, mwaga hiyo dawa. Ni jaribio la dakika tano, na halinigharimu hata shilingi.

Mpaka hapo utadhani jikoni kuna kila kitu. Hakuna. Baada ya kahawa unasuuza kwa maji au siki iliyopunguzwa, kisha lazima uondoe zile chumvi za fedha ambazo hazikuguswa na mwanga, la sivyo picha itaendelea kuwa nyeusi ukiitazama. Hiyo ni kazi ya fiksa, thaiosalfeti ya sodiamu. Wazee wa studio waliiita haipo, kutoka kwa jina lake la Kizungu. Nilienda kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio, nikamsalimu, nikauliza, "Mzee, kuna haipo?" Akacheka hadi akakohoa. "Haipo haipo, kijana wangu. Iliisha na hospitali."

Alimaanisha eksirei. Zamani kila hospitali yenye mashine ya eksirei ilikuwa na madumu ya developa na fiksa, na mpiga picha mwenye marafiki alipata kidogo. Mashine zikienda dijitali, madumu yanapotea. Kuna wanaosema chumvi ya kupikia inaweza kuchukua nafasi ya fiksa. Inaweza, lakini utaacha filamu siku nzima au zaidi na matokeo ni ya kubahatisha. Kwa hivyo kama una pesa ya kuagiza kitu kimoja tu kutoka nje, agiza fiksa, au thaiosalfeti ya unga, ambayo husafiri vizuri. Developa jipikie. Ikibaki pesa, ongeza Rodinal. Iko sokoni tangu 1891, hukaa miaka kwa chupa, na mililita 6 kwa maji 300 zinatosha rolo moja.

Fiksa iliyotumika usiimwage kwa sinki. Imebeba madini ya fedha, ambayo ni sumu kwa viumbe vya majini. Mimi naweka kwa jerikeni iliyoandikwa, mbali na watoto wa ploti. Kuna wanaonunua ili kutoa hiyo fedha.

Maji ya kuosha mwishoni yasikutishe, hata wiki ya mgao. Njia ya Ilford inataka kujaza tangi mara tatu tu. Jaza, geuza mara tano, mwaga. Jaza tena, geuza mara kumi. Ya tatu, mara ishirini. Tangi la rolo moja linameza chini ya lita moja kwa jumla.

Nilisafisha rolo nne za upuzi kabla ya ile ya shosho. Paka wa ploti, matatu za Thika Road, viatu vyangu. Ya kwanza ilitoka na ukungu, ya pili ilikuwa na alama za mapovu, ya tatu na ya nne zikawa poa. Siku niliyotoa kopo la siagi kwa friji, nilipima kila kitu mara mbili na nikachovya ulimi wa filamu mara mbili pia. Ulikuwa mweusi ti.

Namba za pembeni zilitokea zote. Picha 36, zenye chenga nyingi na rangi ya hudhurungi kidogo kwenye plastiki. Katika nyingi shosho amenipa mgongo, kwa sababu hakutaka kusimamisha kazi eti nipige picha. Ya 22 amegeuka. Mdomo uko wazi, nadhani ananiambia niache mchezo nimshikie kikapu.