Mutukula: Dirisha Moja la Nchi Mbili



Wapiganaji wa zamani wanaotusikiliza hawana haja ya kuelezwa Mutukula ni mahali gani. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka huo, yakaikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na tarehe 1 Novemba mtawala huyo akatangaza kwamba ardhi hiyo imekuwa sehemu ya Uganda, kisha majeshi yake yakalivunja daraja la Kyaka. Ilipofika mwisho wa Januari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa limekwisha kumfukuza mvamizi na kuiteka Mutukula yenyewe, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Baadhi ya vijana wetu waliokufa katika vita hivyo wamelala Kaboya, Wilaya ya Muleba.

Mahali hapo hapo leo ofisa wa Uhamiaji wa Tanzania huketi katika jengo lililo kwenye ardhi ya Uganda, akagonga mhuri wake kwa amani, na hatua chache kutoka alipo ameketi mwenzake wa Uganda. Katika jengo la upande wetu, ofisa wa Uganda naye ameketi vivyo hivyo. Jambo hili limezoeleka upesi kiasi kwamba wasafiri wengi hawalioni kuwa ni la ajabu. Wao hulalamika tu kwamba foleni ni ndefu au kwamba mtandao umekatika. Ni vizuri basi tulieleze, kwa sababu linawahusu sana watu wanaovaa sare.

Zamani msafiri aliyetoka Bukoba kwenda Masaka alisimama mara mbili. Alishuka upande wa Tanzania, akakaguliwa na kugongewa mhuri wa kutoka. Kisha akatembea na mizigo yake hadi upande wa pili, akaanza upya kana kwamba hakuna aliyemwona. Dereva wa lori aliweza kulala mpakani, si kwa kosa lolote, bali kwa sababu karatasi zilizokubaliwa na ofisi moja zilisubiri kusomwa tena na ofisi nyingine. Chirundu, katika mpaka wa Zambia na Zimbabwe, palianzishwa utaratibu mwingine Desemba 2009. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilitunga sheria yake ya vituo vya huduma kwa pamoja mpakani mwaka 2016, na tarehe 9 Novemba 2017 Rais John Magufuli na Rais Yoweri Museveni wakakifungua rasmi kituo cha Mutukula.

Chini ya utaratibu huo msafiri huipita ofisi ya nchi anayoiacha bila kusimama, akasimama mara moja tu katika nchi anayoingia. Humo hukutana kwanza na ofisa wa nchi aliyotoka, halafu na ofisa wa nchi inayompokea. Mfuatano huo una maana yake katika sheria. Wa kwanza akishamaliza, na wa pili akaanza kazi, yule wa kwanza hana tena la kudai kwa msafiri huyo isipokuwa amerudishwa kwake. Tena mamlaka ya ofisa aliyeko ugenini huishia ndani ya eneo la udhibiti lililowekewa mipaka. Humo anazitumia sheria za nchi yake za forodha na uhamiaji. Lakini akitoka nje ya uzio kwenda kunywa chai, yeye ni mgeni kama mgeni mwingine, na polisi wa nchi mwenyeji ndio wenye dhamana ya usalama wa mahali hapo. Askari asiyelifahamu jambo hili anaweza, kwa bidii tu ya kazi, kumfukuza mshukiwa hadi mahali ambapo hana ruhusa ya kumkamata, na kosa la mtu mmoja likawa barua kati ya serikali mbili.

Sasa tuseme juu ya huduma. Mwananchi wa kawaida hazijui ibara za sheria hiyo. Yeye hulijua dirisha. Mama aletaye ndizi au unga, mwenye haraka ya kuwahi soko, huipima nchi nzima kwa namna alivyojibiwa hapo. Akielezwa vizuri, hata kama ameambiwa alipe, atarudi kesho kwa njia hiyo hiyo. Akikaripiwa, akiambiwa asubiri bila kuambiwa anasubiri nini, kesho atapita njia ya panya. Mpaka huu ni mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 kwa kufuata nyuzi 1 kusini ya Ikweta, pasipo kuwauliza wenyeji. Jamaa za watu wako pande zote mbili, na njia za kupitia migombani na vichakani ni nyingi kuliko askari wa kuzilinda.

Hapa ndipo hoja yetu ilipo. Lugha nzuri dirishani ni sehemu ya ulinzi wa mpaka, sawasawa na doria. Anayepita dirishani huacha jina lake, mzigo wake huonekana, na afya yake hupimwa. Anayepita porini hakuna anayemjua. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa katika Mkoa wa Kagera. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki kabla haujatangazwa kwisha mwezi Juni. Miezi michache kabla ya hapo Uganda ilikuwa ikipambana na Ebola. Katika nyakati kama hizo kila msafiri aliyelikimbia dirisha kwa kuogopa makaripio ni mtu mmoja ambaye hakupimwa joto na hawezi kufuatiliwa. Magendo nayo hutumia njia hizo hizo. Kahawa ya Kagera hutoroshewa Uganda bei ya upande ule inapozidi ya huku, na mfanyabiashara haramu hufurahi sana anapoikuta njia yake imejaa akina mama wasio na hatia, maana mzigo wake hufichika kati ya mizigo yao.

Wengi wa akina mama hao hawana hata sababu ya kujificha. Mazao na bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya, zikiwa katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, huweza kupewa hapo hapo mpakani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, na kwa cheti hicho hazitozwi ushuru wa forodha. Lakini kuna jambo ambalo lisipoelezwa huleta ugomvi kila siku. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha peke yake. Hakiondoi kodi nyingine zinazoihusu bidhaa, wala kibali cha afya ya mimea au mifugo. Mama aliyesikia kwamba "ushuru umefutwa" hufika akiwa na hakika kwamba hadaiwi chochote, na anapodaiwa huamini kwamba ameombwa rushwa. Ofisa naye, aliyekwisha kueleza jambo hilo mara arobaini tangu asubuhi, humjibu kwa mkato. Hapo wote wawili wana haki na wote wawili wamekasirika. Dakika tatu za maelezo, na bango lililoandikwa kwa Kiswahili chepesi badala ya Kiingereza cha kisheria, zingeokoa mengi.

Mitambo imesaidia, hilo hatulikatai. Shehena iendayo Uganda kupitia bandari ya Dar es Salaam huweza kulipiwa kodi zake huko iendako kabla haijaondoka bandarini, na lori likifika mpakani taarifa zake zimekwisha kutangulia. Fedha hutumwa kwa simu, na wafanyabiashara wengi wa mipakani huwa na laini za nchi mbili. Lakini mtambo hauna uso. Mtandao unapokatika, mwananchi haitazami kompyuta. Humtazama aliyekaa nyuma yake. Ofisa akisimama na kusema, "Ndugu zangu, mtandao umekatika, tunaandika kwa mkono, wenye watoto na wagonjwa watangulie," foleni hutulia. Akiinamia simu yake kimya, manung'uniko huanza, na baada ya manung'uniko hufuata fununu kwamba mtandao umezimwa makusudi ili watu watoe chochote.

Liko pia jambo la lugha, ambalo kwa askari wetu walioko mpakani si dogo. Kwetu Kiswahili ni lugha ya udugu. Nchini Uganda wazee wengi walikijua kwanza kama lugha ya jeshi na polisi, na katika miaka ya Amin waliisikia kwa watu waliokuja usiku kugonga milango. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakikubali kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe shuleni. Hata hivyo kumbukumbu ya mtu haifutwi na azimio la baraza. Amri fupi ya Kiswahili, ambayo kwa mtu wa Bukoba ni ya kawaida, yaweza kumshtua mzee wa Rakai. "Shikamoo, mzee, naomba nione hati yako" haimpunguzii ofisa mamlaka yake hata chembe.

Wala tusidhani kwamba majengo peke yake yanatosha. Huko Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, mpaka ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 kwa sababu ya kutoelewana kwa serikali hizo mbili, na haukufunguliwa tena hadi tarehe 31 Januari 2022. Sisi wenyewe tunakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mambo hayo huamuliwa na wakubwa, na koplo wa zamu hawezi kuyazuia. Yeye huweza tu kuhakikisha kwamba siku mpaka ukiwa wazi, uko wazi kweli.

Mwezi Septemba 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, na Agosti 2025 nchi hizo tatu zilifanya jaribio kwa kuandaa pamoja mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Viwanja vimezungumzwa sana magazetini, nyasi zake na taa zake. Mashabiki wa kawaida hawasafiri kwa ndege. Husafiri kwa mabasi, usiku, wakiimba, wengine wamepoteza hati, wengine wamelewa, wote wakitaka kuvuka kabla ya mapambazuko. Ofisa na askari wa zamu ndio watakaowapokea dirishani, na inafaa wakuu wa vituo vya mipakani waanze sasa kuhesabu madirisha waliyonayo na watu wa kuyakalia usiku huo.