Lubumbashi: Ekru ya portibagaji ikilegea, msukuma kinga anaweza kupoteza kila kitu

Kila siku, kwenye barabara zinazoingia Lubumbashi kutoka Likasi, Kipushi na Kasenga, wanaume wanasukuma kinga zilizojaa makala. Magunia yanakaa juu ya portibagaji, chuma cha nyuma kinachoshikwa na buloni chache tu. Buloni zikilegea, mzigo unaegemea upande mmoja na kinga inaanguka. Kwenye barabara ya kitaifa namba 1, ambako malori ya migodi yanapita karibu kabisa, kuanguka namna hiyo kunaweza kuua.

Kwa familia nyingi za mji, makala ndiyo moto wa jikoni, hasa umeme wa SNEL unapokatika. Kwa yule anayeyaleta, kinga ndiyo mtaji wake. Portibagaji ikivunjika au ikiibiwa, hakuna mzigo, na nyumbani hakuna chakula.

Kwa nini ekru inalegea

Wengi wanadhani ekru inalegea kwa sababu haikukazwa kwa nguvu. Hiyo ni sehemu tu ya jibu. Mwaka 1969, mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinacholegeza ekru zaidi ni mtikisiko wa pembeni. Vyuma viwili vilivyobanwa pamoja vikiteleza kidogo huku na huku, ekru inajizungusha yenyewe. Gunia linaloyumba kwenye mashimo linafanya kazi hiyo njia nzima.

Ndiyo maana rondeli ya springi, inayotegemewa na wengi, haisaidii sana. Afadhali ekru yenye pete ya nailoni ndani. Ikikosekana, ekru mbili zinatosha: ya kwanza inakazwa, inashikwa kwa kle moja, kisha ya pili inakazwa juu yake kwa kle nyingine.

Mzigo wenyewe pia usiachwe uyumbe. Uzito ugawanywe sawa pande mbili, na ufungwe kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu. Mpira huo unapasuka kwa jua, kwa hiyo ubadilishwe mara nyufa zinapoonekana.

Mwizi naye ana kle

Buloni za portibagaji mara nyingi ni za milimita 6, zinazofunguliwa kwa kle ya 10. Mwizi anaweza kuibeba mfukoni. Anayefunga gurudumu la mbele peke yake anamwachia kinga yote iliyobaki. Mnyororo upite ndani ya fremu, gurudumu la nyuma na portibagaji, kisha ufungwe kwenye nguzo imara. Kadena isigusie chini, kwa sababu juu ya jiwe inavunjwa kwa nyundo kwa urahisi.

Njia nyingine ni kuponda kwa nyundo ncha ya buloni inayotokeza nje ya ekru. Ekru haitoki tena kwa urahisi, kwa mtikisiko wala kwa mkono wa mwizi. Lakini siku ya matengenezo, fundi atalazimika kuikata kwa msumeno. Kuchomelea portibagaji kwenye fremu ni hatari zaidi: bomba jembamba linadhoofika kwa moto, na linaweza kupasuka chini ya mzigo.

Namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini, karibu na pedali, iandikwe na ipigwe picha kwa simu. Risiti ihifadhiwe nyumbani. Bila hivyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba kinga iliyopatikana ni yako.

Alama ya rangi

Ukaguzi wa bei ndogo kuliko wote unahitaji rangi ya kucha. Baada ya kukaza, chora mstari mmoja unaotoka kwenye ekru hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Kabla ya kila safari, utazame. Mstari ukiwa umenyooka, ekru haijasogea. Ukiwa umekatika, ni barabara iliyoizungusha au ni mtu. Kwa vyovyote, kaza kwanza, ndipo upakie magunia.